Kabati Alivyoipata Leseni ya Mlangoni

Nimekataa mara tatu. Hii ya nne nimekubali ili mniache nipumzike. Mjukuu wangu kila akija ni wimbo mmoja, "Bibi, andika habari za baba, wewe ndiye unazijua." Kuzijua nazijua. Lakini kuandika ni kazi ya waliokaa darasani, na mimi nilikaa miaka miwili tu, mmoja wote nikiwa naumwa. Herufi zangu zinapanda na kushuka. Atakayecheka na aandike yeye. Haya, shikeni.

Huyo baba yake ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Wakubwa kwa wadogo wanamwita Kabati, maana akisimama mlangoni, mlango huuoni tena. Ni baunsa wa baa ya ghorofa moja nyuma ya soko, na ameulinda mlango huo miaka ishirini na tatu. Nilipomwoza binti yangu kwake, majirani walinong'ona kwamba nimemtoa mtoto kwa mpiga watu. Kumbe katika miaka yote hiyo Kabati hajampiga mtu hata kofi. Ukimwuliza, anasema mikono yake mizito, akiinyanyua hajui itatua wapi.

Siri yake ni kiti. Pale kando ya mlango pana kiti cha mbao ngumu, kizito kama dhambi. Mteja akianza kuchafua hali ya hewa, anagonga meza, anatukana wahudumu, Kabati humwendea polepole na kumwambia, "Ndugu yangu, hebu nisaidie kukibeba kiti hiki mpaka nje, mgongo leo umenigomea." Mlevi gani atakataa kuombwa msaada na jitu kama lile? Kifua kinamjaa, anajiona mwamba. Anashika upande wake, wanatoka wote wawili, kiti kinatua nje, Kabati anashukuru wee, kisha anakinyanyua kwa mkono mmoja, anaingia ndani na kufunga. Mtu yuko nje na wala hajui kwamba ametolewa.

Maisha yakaenda hivyo mpaka serikali ilipotoa amri. Mabaunsa wote wa baa na klabu waende mafunzo ya wiki mbili, wafanye mtihani, wapewe leseni. Asiye na leseni asionekane mlangoni, na baa itakayomweka itafungwa. Mwenye baa akamwita Kabati, akamwambia huku anaangalia viatu vyake, "Kaka, mimi nakupenda, lakini na baa yangu naipenda. Mwezi ukiisha huna leseni, itabidi nitafute mtu mwingine."

Kabati akarudi nyumbani, akakaa kitandani, kitanda kikalia. "Mke wangu, mimi shule niliishia darasa la nne. Wangesema tuoneshe nguvu, sawa. Wanasema tuandike. Nimekwisha."

Mkewe ni fundi cherehani. Hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. "Hujafa, hujalazwa. Lete hicho kijitabu walichokupa."

Ikawa kila asubuhi kabla hajaondoka, mke anasoma huku mguu uko kwenye cherehani, na mume anaitikia. Simama hatua mbili. Viganja wazi. Sauti chini. Onya mara tatu. Mwite mwenzako. Andika ripoti. Hapo kwenye ripoti ndipo Kabati alipokuwa anakwama. Basi mkewe akamtandikia mezani kipande cha kitambaa cheusi, akampa chaki ya kukatia nguo, akamwambia aandike humo, akikosea anakung'uta. Zile siku za mwanzo kitambaa kilikung'utwa mpaka chumba kizima kikawa cheupe.

Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi uliokuwa ghala zamani. Mabaunsa thelathini, mikono imejaa kwenye nguo kama mito ya makochi, wamebanana kwenye mabenchi. Mkufunzi wao alikuwa mama mmoja mfupi, mwembamba, askari magereza mstaafu, filimbi shingoni. Siku ya kwanza akauliza, "Nani amewahi kumtoa mteja kwa kumkaba shingo?"

Mikono ikapanda juu kwa fahari.

"Shusheni. Nilitaka tu kujua pa kuanzia. Shingo haikabwi. Mtu akikufia mikononi, leseni haitakutoa jela."

Siku walipofundishwa kumlaza mlevi aliyezimika, kwamba alazwe ubavu asije akapaliwa na matapishi yake, Kabati alirudi nyumbani, akakaa kula. Akasukuma sahani pembeni, akasema, "Mama watoto, miaka ishirini na tatu nilikuwa nawalaza chali. Ule mlango alikuwa anaulinda Mungu, siyo mimi." Toka hapo hakulalamika tena kwenda.

Siku ya mtihani ikafika. Kila mmoja anaitwa mbele, mkufunzi anajifanya mlevi, nawe umtoe ukumbini. Na yule mama, ambaye pombe hajawahi kuionja, akilewa kwa ajili ya mtihani utadhani unasikia na harufu.

"Kabati!"

Akasimama mbele.

"Wewe dude, unanitazama nini?" mkufunzi akaanza, anayumba, kidole juu. "Mimi sitoki! Hii baa ni ya mjomba wangu!"

Kabati akasimama hatua mbili. Akafungua viganja. Akashusha sauti. Halafu neno lililofuata kwenye kijitabu likamtoroka kichwani, kwaheri, halikuonekana tena. Akatazama huku na huku. Macho yakaangukia kiti cha mkufunzi.

"Mama yangu," akasema kwa upole, "hebu nisaidie kukibeba kiti hiki mpaka nje. Mgongo leo umenigomea."

Mkufunzi akasita. Lakini ulevi alikuwa ameuingia kikweli. "Nyie wanaume wa siku hizi, miili tu!" akasema, akakishika upande wake. Wakatoka wote. Kabati akashukuru wee, akaingia na kiti, akasukuma komeo.

Mlango ukagongwa.

"Fungua! Karatasi zangu za mtihani ziko humo!"

"Wote husema wameacha kitu ndani, mama," Kabati akajibu, mgongo kwenye mlango. "Kesho utakikuta."

Hapo ukumbi ukapasuka. Baunsa mmoja akaanguka kwenye benchi. "Mzee, umemfungia nje mwalimu!"

Ndipo akili ilipomrudia. Akafungua, akasimama pembeni ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu. Mkufunzi akaingia bila haraka, akakaa kwenye kile kiti, akachukua kalamu.

"Umbali, sawa. Viganja, sawa. Sauti, sawa. Ulinionya mara ngapi?"

"Sikukuonya, mwalimu."

Kalamu ikapiga mkasi, ile alama ya kosa. "Mwenzako ulimwita?"

"Nilikuita wewe. Ulishika upande wa pili."

Mkasi mwingine. "Haya. Umebakiwa na ripoti. Ripoti ikikataa, tutaonana mwaka kesho."

Mwaka kesho mlango wake ungekuwa na mtu mwingine. Kabati alilijua hilo, na kalamu vidoleni mwake ilikuwa ndogo kama njiti. Akafumba macho, akakiona kile kitambaa cheusi. Akaandika. Wenzake walishamaliza kucheka, wakapiga miayo, wakaanza kusinzia, yeye anaandika. Akapeleka karatasi.

Mkufunzi akaisoma kwa sauti. "Saa nne asubuhi. Mama mmoja amelewa, anasema baa ni ya mjomba wake. Tulibeba kiti mimi na yeye mpaka nje. Hakuumia. Na mimi sikuumia." Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Mashahidi wako wapi?"

Kabati akairudisha karatasi mezani, akatazama mabenchi, akaongeza mstari. Mkufunzi akasoma, "Mashahidi, watu ishirini na tisa, wanacheka."

Kwa mara ya kwanza katika wiki mbili, meno ya yule mama yakaonekana.

Alama za kupita zilikuwa sitini. Kabati alipata sitini na mbili. Mkufunzi akamwambia, "Kiti chako endelea nacho. Ila mtu umwonye kwanza mara tatu, ndipo umbebeshe." Na ndivyo anavyofanya mpaka leo. Akimaliza onyo la tatu, wateja wa zamani wanasimama wenyewe na kuuliza kiti kiko wapi.

Leseni anaivaa shingoni. Mkewe ameishonea kifuko kwa kile kitambaa cheusi. Siku aliyoipata alikuja kwangu kabla hajavua viatu, akanisomea mwenyewe, neno kwa neno, jina, namba, mpaka tarehe ya kuisha, bila kusaidiwa na mtu. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena.

Mimi nimeandika, mkono unaniuma. Sasa ni zamu yako. Ukipita nyuma ya soko, simama kwenye mlango ule, umpe Kabati mkono, umwambie, "Mzee, nisomee leseni yako." Akisoma usikilize mpaka mwisho, hata kama una haraka. Ukija kwangu hujafanya hivyo, usiniombe hata maji ya kunywa.