Jacktone Aingia kwa Waungwana wa Ziwani

Klabu ya Waungwana wa Ziwani, pale kilimani Homa Bay, ilizaliwa kwa kinyongo. Waanzilishi wake, wenye maduka na mashine za kusaga kutoka Migori hadi Rongo, walikuwa wamefukuzwa mlangoni na klabu ya wazungu enzi hizo. Hawakujenga yao ili wakaribishe watu. Waliijenga ili nao wapate mlango wa kumfungia mtu, na mpaka leo hawajabuni jambo jingine. Wanavaa tai kwenye joto la ziwa, wanakula viazi kwa uma, wanapongezana kwa kuwa wao ni wao. Ukutani wamepanga picha za wenyeviti, kila mmoja amekunja uso kana kwamba ana kiungulia. Na kanuni wanayoitunza kuliko zote ni kwamba omena, dagaa wadogo wa ziwani, haziingii: zisipikwe, zisitajwe mezani, wala harufu yake isije na nguo ya mtu. Nusu yao walisomeshwa kwa omena.

Jacktone Odera alitamani kiti humo kama mtoto anavyotamani kiatu cha babake. Alikuwa mchuuzi wa omena, au tuseme mkewe Benta ndiye aliyekuwa mchuuzi. Benta alizinunua kwa wavuvi alfajiri, akazianika juu ya nyavu ufukweni, chini tu ya klabu, kisha akawauzia wafanyabiashara wa Migori. Jacktone aliitwa bosi.

Siku ya karamu yake ya kuomba uanachama alijipaka marashi ya dukani kwa Kuruthum hadi Benta akapiga chafya.

"Baba Lynnet, mbingu leo si nzuri. Nitahitaji mkono wa kukusanya."

"Leo usiniite. Hata kama ni nini, usiniite."

"Sawa, bosi." Benta akacheka, akamfunga tai, akaenda zake.

Desturi ya klabu ni hii: mwombaji huwalisha wanachama, kisha huketi nao barazani huku kibuyu kikizunguka. Anayemtaka hutia punje ya hindi. Asiyemtaka hutia haragwe. Haragwe moja latosha kumrudisha mtu kwao. Kibuyu kilikuwa hakijafika kwa mwenyekiti wakati mvua ilipotokea upande wa kisiwa cha Rusinga, ikitembea juu ya maji, nyeupe, taratibu, kama bibi harusi asiyeijua nyumba anayoiendea.

Ufukweni wanawake walianza kukimbia. Omena zikilowa kabla hazijakauka huoza, na kazi ya siku nzima huwa chakula cha kuku. Benta alikuwa peke yake, akikunja nyavu, akiteleza kwenye matope, akiinuka. Akatazama barazani. Hakuita. Aliinua mkono tu.

"Huyo mama anampungia nani?" akauliza mwenyekiti, mzee Onsongo, mwenye kituo cha mafuta Rongo.

"Labda anataka uanachama!" mwingine akadakia, na vitambi vikatikisika.

Onsongo alishika kibuyu bila kutia kitu. "Jacktone, si huyo ni mtu wako?"

"Wangu? Hapana, mzee. Hawa wa ufukweni wote wanafanana."

Wakacheka. Jacktone naye akacheka, kwa nguvu kuliko wote, ili ihesabike. Kule chini Benta aliiona ile tai nyekundu aliyomfunga ikirukaruka kwa kicheko. Akashusha mkono.

Kibuyu kilipomwagwa, kilitoa mahindi matupu. Muuza omena wangeweza kumkataa. Mtu aliyemkana mkewe mbele yao walimtambua kuwa mwenzao. Wakamkumbatia, wakamwita ndugu.

Alishuka mbio kumtafuta Benta. Alimkuta ufukweni, amelowa chepechepe, akipakia nyavu kwenye mashua.

"Mama Lynnet, wamenikubali!"

"Nimeona."

"Unaenda wapi na nyavu?"

"Kwetu Rusinga. Nitaanika huko. Watu wa Migori nimeshawapigia simu wanifuate."

Jacktone alitazama nyavu, akatazama viatu vyake vilivyokuwa vikizama matopeni. Kati ya yote aliyoweza kusema, alichagua hili:

"Na leo nitakula nini?"

"Kula na ndugu zako," Benta akasema, akapanda.