Sufuria ya Mama Kwenye Mtihani

Wanasema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, tena za kumwaga. Mwenzangu alikuwa na mlango wenye jina lake, na mimi nilikuwa na mfuko wa karatasi za wanafunzi wake.

Tulilelewa ploti moja Kayole, milango ikitazamana. Mama zetu waliuza pamoja kando ya barabara, wangu chapati na maharagwe, wake sukuma wiki. Mimi nilikuwa na baba dereva aliyenunua viatu vya shule kila Januari. Yeye alikuwa na mama tu. Tulisoma shule moja, tukaingia chuo kikuu pamoja, na tulipomaliza shahada ya pili tukapata vibarua vya kufundisha sosholojia katika chuo kimoja mjini. Walituita wahadhiri wa muda. Ofisi yetu ilikuwa meza moja na kiti kimoja pale ngazi zinapopindia. Mmoja akikaa, mwingine aliegemea dirisha. Siku hizo sikuwa na wivu naye hata kidogo. Utamwoneaje wivu mtu mnayegawana kiti?

Kisha ikatangazwa nafasi moja ya kudumu. Tukaomba wote wawili. Kila mmoja alitakiwa kufundisha somo la majaribio mbele ya jopo, na mimi niliingia kwanza huku yeye akingoja nje ya mlango. Nilifundisha juu ya uaminifu baina ya majirani, na mfano wangu ulikuwa ule ninaoutumia siku zote: mama yangu siku ya kanjo. Askari hao wa jiji walishuka ghafla kutoka kwenye lori. Kila muuzaji akakimbia na alichoweza, na majirani wakabeba kilichobaki. Huyu benchi, yule jiko, mwingine beseni la chapati. Jioni kila kitu kikarudi kwa mama. Hata chapati moja haikupotea. Jopo lilitabasamu, wakaandika andika, nami nikatoka nikijua kazi ni yangu.

Akapata yeye.

Nilimpongeza. Nilimkumbatia hata. Muhula uliofuata somo nililokuwa nikifundisha akapewa yeye, kwa sababu mwajiriwa wa kudumu lazima ajaziwe saa zake kwanza. Mimi nikaachiwa kusahihisha mitihani yake. Yaani yeye apike, mimi nioshe vyombo.

Nilimwonea wivu mpaka wa ufunguo. Alikuwa na tabia ya kuuzungusha kidoleni akitembea, ufunguo wa ofisi yake, na mimi nikiusikia ukilia nilitamani udondoke kwenye mtaro. Nilimwonea wivu wa kuugua bila kuogopa. Akiwa na mafua anakaa nyumbani kwake, alikuwa ameshahama Kayole, na kazi inamngoja. Mimi nikipiga chafya nasema ni vumbi.

Lakini kilichonikata maini zaidi kilikuwa mama. Mama yake mwenzangu alifariki tukiwa bado wanafunzi, na tangu hapo akawa anakuja kwa mama yangu karibu kila wiki. Anakuja na unga, anakaa kwenye kigoda jikoni, wanaongea mpaka chai inapoa. Halafu mimi naletewa ripoti. Mwenzako amesema hivi. Mwenzako ameniuliza vile. Wanawake wa ploti walimwita Daktari, na mimi waliniuliza kama bado nafundisha. Kazi ameshachukua, nilijiambia, lakini mama hampati.

Jumapili moja baada ya ibada nilibeba bahasha za mtihani nikaenda nazo kwa mama, kwa kuwa chumbani kwangu hakuna meza ya kutosha kuzitandaza. Yeye alikuwa anasukuma chapati upande mmoja, mimi nimeinamia karatasi upande wa pili. Swali la kwanza liliwataka wanafunzi waeleze, kwa kutumia mfano, jinsi watu wasio ndugu wanavyoaminiana mjini.

Kwenye karatasi ya kwanza nikasoma habari za mwanamke wa Kayole aliyeuza maharagwe. Nikafikiri macho yananidanganya. Karatasi ya pili, maharagwe. Ya tatu, kanjo, lori, benchi, jiko.

Nilipandwa na mori. Kumbe alisikiliza pale mlangoni! Alisikiliza, akauchukua mfano wangu, akaenda kujipatia mkate nao darasani, na sasa mimi nalipwa vijisenti niusahihishe. Mama yangu mzazi amegeuzwa jibu la mtihani, na wanafunzi wanamwita "mfano wa mwalimu wetu".

Tena alikuwa ameutia chumvi. Karatasi baada ya karatasi ilikuwa na kitu ambacho mimi sikuwahi kukisema popote. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba mwanamke huyo, kwa hofu, alishika sufuria ya maharagwe akamsahau mtoto wake chini ya meza. Mwingine akaongeza kwamba mtoto alichukuliwa na jirani muuza sukuma, akarudishwa jioni amelala na ameshiba. Mmoja mwenye mwandiko wa mviringo alisema hicho ndicho kipimo chenyewe cha uaminifu, kwa kuwa jioni ile mama hakumshukuru jirani kwa machozi. Alimpokea mtoto kama alivyopokea benchi, akijua vyote vitarudi.

Mtoto gani? Mama alizaa mtoto mmoja tu maishani, na mtoto huyo alikuwa ameketi hapo na kalamu nyekundu.

Nikamsomea mama. Kilikuwa Kiingereza cha mtu anayekimbizana na saa, nikakigeuza Kiswahili, nikasoma kwa sauti ya kushtaki. Sifichi: nilitaka akasirike. Nilitaka siku mwenzangu atakapokuja tena na unga wake akute mlango umefungwa. Nilipofika kwenye mtoto chini ya meza nikaongeza kwamba huu sasa ni uongo wa mchana, kwamba anamchafulia jina mbele ya darasa zima.

Mama aliacha kusukuma.

"Si uongo," akasema.

Alinieleza bila kuniangalia. Nilikuwa sijatimiza mwaka, nimelazwa kwenye gunia chini ya meza, nimelala. Lori liliposimama aliinama, na mkono ulichagua wenyewe, alisema. Maharagwe yale yalikuwa chakula cha kesho na mtaji wa kesho kutwa. Alikimbia mpaka nyuma ya kanisa, akaitua sufuria, ndipo akakumbuka. Aliporudi barabara ilikuwa imejaa kanjo na meza haikuwepo. Alikaa vichochoroni akizunguka mpaka jioni, na jioni mama yake mwenzangu akaja amenibeba. Hakuulizwa kitu na hakueleza kitu. Yule mwanafunzi wa mwandiko wa mviringo alikosea. Machozi hayakuonekana kwa sababu mama aliona haya. Na haya hiyo hajaimaliza mpaka leo.

Nikamuuliza, kwa uchungu, kwa nini amwambie yule na si mimi.

"Sikumwambia mimi, aliambiwa na mama yake. Yeye alikuja kuniomba ruhusa kabla ya kuisema darasani. Wewe umeisema miaka mingapi? Umewahi kuniuliza?" Akachukua donge lingine la unga. "Nimejaribu kukuambia. Lakini ukija hapa unakuja na hayo makaratasi. Mimi huongea na utosi wako."

Chapati iliyokuwa jikoni iliungua upande mmoja. Aliigeuza akanipa hiyo hiyo, nikaila.

Ningependa kusema wivu uliishia hapo. Wapi! Ulizidi. Yule mtu alijua habari za maisha yangu kabla yangu. Alikuwa amezijua tangu tukigawana kiti, na hakuwahi kunirushia hata siku tulipogombea kazi. Na kuomba ruhusa, jambo dogo kama hilo, alikumbuka yeye. Hata adabu alinishinda. Nilimaliza kusahihisha nikiwa nimeuma meno, na kila aliyemtaja mtoto nilimpa alama zake zote, kwa sababu alikuwa ameandika ukweli.

Nilimpelekea bahasha ofisini. Alinikaribisha kwa "niaje" yetu ya mtaani, ambayo mbele ya wahadhiri wengine huwa haitoi, akauliza wanafunzi wamefanyaje. Nikamwambia wamefaulu, mfano umewasaidia sana.

Ufunguo ukaacha kuzunguka. Alisema mama aliahidi kuniambia mwenyewe, na yeye akadhani ameshaniambia zamani. Alisema pia kwamba angekuwa anajua bado sijaambiwa, angekuja kunitafuta kabla sijapewa zile karatasi. Nilimwamini, na kumwamini kukaniudhi.

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali njia nzima. Badala yake nikajikuta nauliza siku ile ilikuwaje, kana kwamba yeye ni mkubwa wangu. Naye alikuwa mtoto mchanga kama mimi. Tulizaliwa msimu mmoja.

"Nilikuwa nanyonya," akasema. "Mama aliacha sukuma zake zote hapo, akaja chini ya meza yenu. Ukaamka ukaanza kulia, na kanjo wako pale pale. Akanitoa mimi kwenye ziwa, akakupa wewe. Ukanyamaza. Mimi ndiye niliyelia."

Nikasema hayo hawezi kuyakumbuka. Akakubali, hayakumbuki. Ila mama yake alimhadithia mara nyingi, mpaka ikawa kama ameyaona.

Nikamuuliza kwa nini mtu amhadithie mtoto wake jambo kama hilo mara nyingi hivyo. Aliuweka ufunguo mezani, juu ya bahasha.

"Alinihadithia kila nilipokuonea wivu," akasema. "Na nilikuonea sana."