Kigoda cha Baba Gulioni Kasulu

Mwanangu, iko siku moja ya gulio kubwa la Kasulu ambayo hadi leo nikiikumbuka moyo hunipiga paa. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana fundi wa kuchonga vigoda, mke wangu bado mgeni nyumbani, na najiona sina mfano. Watu walitoka hata Kibondo kuja kununua vigoda vyangu, au ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Baba alikuwa amefariki. Kwetu Makere, siku ya kuondoa msiba, miezi kadhaa baada ya maziko, mrithi hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu mbele ya ukoo, na hapo ndipo anapohesabiwa kuwa mwenye mji. Siku hiyo ilikuwa karibu. Basi mimi, kwa ujuvi wangu, nikakibeba kigoda cha baba hadi gulioni, nikikalie huku nauza vyangu. Nilitaka nionekane mrithi kabla ya siku yangu, nikasahau kwamba haraka haraka haina baraka.

Adhuhuri nilikwenda kunywa chai, nikamwachia biashara mke wangu Anastazia. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu, naye anatabasamu.

"Vyote vimekwisha," alisema. "Hata kile cha zamani. Mwenye bucha amekipenda kwa uzito wake."

Nilipigwa na butwaa. Nilikimbia hadi buchani, nikamkuta yule bwana anakatia mifupa juu yake, damu inachuruzika kwenye kigoda cha baba yangu. Nililia mbele za watu, mwanangu, mtu mzima na ndevu zangu. Mwenye bucha naye akaduwaa, shoka mkononi.

"Astaghafirullah. Ningejua ni cha marehemu nisingekigusa," alisema, akakiosha mwenyewe, akanirudishia.

Nyumbani ukoo ulishtuka kuona makovu yale. Shangazi zangu walitaka Anastazia arudishwe kwao Busunzu siku ileile. Mgeni ni kuku mweupe. Kosa lake lilionekana upesi kuliko langu. Nami, kwa hasira na aibu, nikanyamaza. Ndipo baba mkubwa akaniuliza, "Ulimwambia kigoda hiki ni cha nini?"

"Sikumwambia."

"Ulipoondoka ulikiacha wapi?"

"Mkekani, pamoja na vya kuuza."

"Basi aliyekiuza ni wewe. Binti wa watu arudishwe kwa kosa gani?"

Anastazia akabaki. Siku ya kuondoa msiba ilipofika nilitaka kukipiga randa kigoda kile. Baba mkubwa akakataa katakata. Nilikalishwa juu ya alama za shoka, ukoo mzima unatazama.

Mwanangu, cha kuuza na kisichouzwa usivitandikie mkeka mmoja. Anayeingia nyumbani kwako mweleze mapema kipi kina heshima gani, usingoje akosee ndipo umfundishe. Na kosa likiwa lako, sema ni lako, mwenzio asije akalibeba wewe ukitazama chini. Mungu akujalie mwenza mwenye subira, na akujalie usiihitaji subira yake kama nilivyoihitaji mimi. Anastazia tumezeeka naye, na mpaka leo hajaniuliza kwa nini siku ile nilinyamaza.