Mkebe Nilioukata Kwenye Baiskeli ya Shemeji

Mimi ndiye niliyekosa, nisizunguke mbuyu. Shemeji yangu anatembea kwa gongo, dada yangu anajilaumu kila uchao, na mimi naitwa shujaa! Hakuna mtu hata mmoja hapa kwetu anayejua kwamba yote hayo yalitoka kwenye kisu changu kidogo cha mfukoni.

Mhariri, jina langu lifiche. Hata sasa ninapoandika nimefunga mlango kwa komeo, na mbwa wa jirani akibweka kalamu inaniponyoka.

Mimi ni karani hapa Nkubu, lakini ukarani ulikuwa wa Jumatatu hadi Ijumaa tu. Jumamosi nilikuwa mtu wa baiskeli. Wala si baiskeli ya kubebea maziwa, la! Maunten baiki, baiskeli ya kupandia milima. Kijana mmoja Mzungu aliyekuwa akifundisha sekondari ya karibu aliniachia yake aliporudi kwao. Ilikuwa na gia nyingi, matairi yenye meno na breki za waya, pamoja na kofia ngumu iliyofanya watoto wanikimbize wakiimba. Aliniachia pia magazeti yenye picha za baiskeli zilizo uchi, bila madigadi, bila keria, bila kengele. Niliyasoma kuliko Biblia, Mungu anisamehe.

Mzungu huyo alinifundisha jambo moja lililonikaa kichwani kama dini. Alisema baiskeli nzima haisemi. Ukisikia mlio, jua kuna kitu kimelegea.

Basi jioni nikitoka kazini nilikuwa naipindua uani, nazungusha gurudumu huku nimetega sikio. Spoki ikilia, naikaza. Cheni ikinong'ona, naitia mafuta. Majirani walisema nimeoa chuma. Mama alisema heri hicho chuma kingekuwa kinazaa.

Mwenzangu katika wazimu huo alikuwa Kirimi, mume wa dada yangu mdogo, Kanana. Kirimi ni mkulima wa kahawa, mtu wa utani, mwenye mapafu ya punda. Baiskeli yake aliungiwa na fundi wa pale sokoni, fremu ya huku na magurudumu ya kule, lakini akipanda nayo mlima nilikuwa namfuata nikihema.

Juu yetu ni msitu, na msituni kuna mbogo. Watu wanaokaa kando ya msitu hawaingii kule kimya hata siku moja. Akina mama wakienda kuni huimba, hugonga jerikeni kwa panga, husengenya watu kwa sauti kubwa. Wazee hukohoa hata kama hawana kifua. Hiyo ndiyo hodi ya msituni. Mbogo akiisikia huondoka zake mapema, lakini ukimtokea ghafla hana mazungumzo na wewe.

Kwa hiyo Kanana alichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, akautia vijiwe, akaufunga kwa kamba ya mkonge chini ya kiti cha baiskeli ya mumewe. Fundo alilikaza kwa meno. Nilikuwepo, nilimwona.

"Hii usitoe," alimwambia. "Nyinyi mnapenda kuenda kimya kama wezi. Mimi sitaki kuitwa mjane na mtoto bado ako kwa tumbo."

"Sasa nitakuwa napita watu nikilia kama ng'ombe imevaa kengele?" Kirimi akauliza.

"Lia tu! Bora nisikie ukirudi."

Kirimi alicheka, lakini hakuutoa. Nadhani aliupenda, kwa sababu jioni Kanana aliusikia kutoka mbali kule kwenye mteremko na kuanza kupasha chai.

Mimi niliuchukia mkebe ule! Kaka-kaka, kaka-kaka, njia nzima! Mimi niliyekuwa nawinda mlio wa spoki moja, leo nafuatana na mkebe wa jikoni! Laiti ningejua.

Jumamosi moja vijana wawili kutoka Meru mjini walikuja kuendesha nasi. Baiskeli zao zilikuwa mpya, glovu mikononi, kaptula za kubana. Niliwaalika mimi mwenyewe, na nilitaka sana wanione mtu wa maana. Tulipofika kijito cha mwanzo wa msitu, Kirimi aliegesha baiskeli yake kwenye mti akashuka kujaza chupa maji.

"Maze, huyu buda ako na njuga?" kijana mmoja akaniambia. "Kwani tunaenda riding ama tunaenda kucheza ngoma?"

Nikacheka nao, lakini uso ulikuwa unawaka kwa aibu. Nikaenda kwenye baiskeli ya shemeji yangu. Nilijaribu kulifungua lile fundo, likakataa. Nikatia ukucha, ukucha ukavunjika. Ndipo nikatoa kisu, nikakata kamba pembeni ya fundo, nikauviringisha mkebe ndani ya sweta langu ili usilie na kuutia kwenye begi la mgongoni.

Kirimi aliporudi alisukuma baiskeli hatua chache tu, akasimama.

"Na mkebe?"

"Si umeanguka huko nyuma kwa mawe," nikasema. Uongo ulitoka mwepesi, sikujua nina ulimi wa namna hiyo. "Kamba ilikuwa imelegea. Tutauokota tukirudi."

"Wacha nirudi nicheki. Kanana ataniuliza."

"Kirimi, jamani! Wageni wanatungoja. Kwani wewe ni mtoto?"

Alinitazama, akatazama njia tuliyotoka, akapanda baiskeli. Kwa muda alikuwa akipaza sauti kila penye kona, "Hooo! Hooo!" Wale vijana wakaanza kumwigiza. Mimi ndiye niliyecheka zaidi ya wote. Kirimi akanyamaza.

Tulipanda hadi kwenye mianzi, halafu tukageuka kuteremka. Ukungu ulikuwa umeshuka, majani yamelowa, na matairi hayakusikika hata kidogo. Vijana walikuwa wametangulia mbali, Kirimi akafuata, nami nyuma yake. Nakumbuka nilivyofurahi moyoni, ee Mungu wangu, nilifurahi kwamba baiskeli zote zile zinateremka na hakuna hata moja inayolia!

Kwanza nilisikia harufu, harufu ya zizi. Nikashangaa ni ng'ombe wa nani huku juu.

Kisha Kirimi alipinda kona, na mbele yake njia ilikuwa nyeusi.

Sikuwahi kuona mbogo kwa karibu. Sikujua ni mkubwa kiasi kile. Kirimi hakupata hata nafasi ya kushika breki. Nilimwona akiruka hewani na baiskeli yake, nikasikia kishindo, na mimi? Mimi niliitupa baiskeli nikapanda mti! Sijui nilipandaje. Mpaka leo nina kovu kifuani la lile gome.

Kirimi alikuwa amelala kati ya mizizi. Mbogo aliondoka kidogo, akageuka, akarudi. Uuui! Nisimulie nini? Alimpiga kwa pembe, akamsukuma kama mtu anayegeuza gunia. Na Kirimi akaniita. Aliniita kwa jina langu, akaniita tena.

Sikuitika. Nilijiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe ili nisisikike. Suruali yangu ililowa, na si kwa ukungu. Naandika haya kwa sababu nimechoka kujificha.

Nilitetemeka mpaka matawi yakatetemeka, na begi mgongoni likatetemeka pamoja nami. Sweta lilikuwa limefunguka. Nikausikia.

Kaka-kaka.

Mbogo akainua kichwa. Akatazama juu nilipokuwa. Na mimi nilifanya nini, ndugu msomaji? Nikalivuta lile begi kifuani, nikalikumbatia kwa nguvu zote mkebe unyamaze! Nilijua kabisa kelele ndiyo inayomfukuza, tumefundishwa tangu utotoni, lakini hofu ilikuwa imenila akili. Nikanyamaza, yeye akarudi kwa Kirimi.

Kirimi alipolia mara nyingine, kilio kile hakikuwa cha mtu mzima. Hapo ndipo nilipoufungua mkono. Nikalishika begi kwa mkanda, nikalitikisa kama kichaa, nikalitikisa huku nalia. Mbogo alipuliza pua, akarudi nyuma, akageuka na kuingia kwenye mianzi. Niliisikia mianzi ikivunjika mpaka mbali.

Waliotuokoa ni akina mama wa kuni ambao tuliwapita asubuhi tukiwacheka kwa nyimbo zao. Niliwasikia wakija wakiimba. Walimfunga Kirimi kwa leso zao, wakakata miti ya machela. Mmoja akaniuliza huku akikaza leso, "Na nyinyi mlikuwa mmenyamaza aje? Hamkujua hapa si lami?"

Wale vijana walirudi wakasaidia kubeba, na tangu siku ile sijawaona tena.

Kirimi alilazwa muda mrefu. Nyonga ilivunjika vibaya, na mguu mmoja ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Alipopata fahamu, neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa hili: "Kanana, nilisikia mkebe."

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda.

"Si uliniambia ulianguka?" Kanana akanigeukia.

"Ulianguka," nikasema. "Ni homa hiyo, anaota."

Lakini Kirimi alishikilia neno lake. Kanana akalipokea kwa imani. Aliporudi kanisani alisimama mbele ya watu wote, tumbo kubwa, akashuhudia: "Mkono wangu ulifunga vibaya, mkebe ukaanguka. Nilikuwa na haraka, uji ulikuwa kwa moto. Lakini Murungu hakumwacha bwana yangu. Aliupiga mkebe mwenyewe huko juu!" Kanisa lote likapiga makofi. Kisha nikaitwa mbele nishukuriwe kwa kukaa na shemeji yangu mpaka msaada ukafika. Nilisimama pale nikingoja paa liniangukie.

Halikuanguka, na tangu siku ile naishi kwa kuogopa. Kirimi akinitazama kwa muda mrefu, naogopa. Mtu akitaja mkebe, naogopa. Baiskeli yangu niliining'iniza ukutani, ikaota kutu. Siwezi kukaa juu ya kitu kisicholia. Mkebe wenyewe niliuficha stoo nyuma ya magunia, nikashindwa kuutupa. Mvua ile ya El Nino iliponyesha na stoo ikavuja, Kanana alikuja kunisaidia kuhamisha mbegu za maharagwe. Nikamwona anainama, mkono wake unaingia nyuma ya gunia lile lile! Nikapiga kelele, "Nyoka!" Akakimbia nje mvuani, maskini, akanishukuru kwa kumwokoa.

Kumwokoa! Mimi!

Kirimi hawezi tena kupanda matuta ya kahawa. Kanana ndiye anayechuma, anayebeba, anayelima. Hajawahi kumlaumu mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Akimfunga mbuzi anaondoka, halafu anarudi kuangalia fundo, anaondoka, anarudi tena. Nimekuwa nikimtazama akifanya hivyo miaka yote hii, nami nameza mate.

Nilidhani nitaweza kumeza mpaka kaburini. Lakini juzi nilikuwa kwao. Binti yao, yule aliyekuwa tumboni, alikuwa akijifunza kufunga mzigo wake wa kuni, kamba ikimteleza. Akamwita mama yake amwonyeshe. Kanana akamwambia, bila hasira, kama mtu anayesema habari ya mvua, "Uliza baba yako. Mama yako hajui kufunga."

Kirimi akaangalia chini. Mimi nikaaga, nikatoka mbio kama mwizi.

Nyinyi mnaosoma haya, hasa vijana wa baiskeli, nawaonya. Mkiingia msituni pigeni hodi kama wenyeji wanavyopiga, hata mkichekwa. Aibu ya kuchekwa huisha kabla ya jioni. Na kitu alichofunga mtu kwa ajili ya mpenzi wake, usikiguse! Kama umeshakigusa, sema siku hiyo hiyo, maana uongo ukishashuhudiwa kanisani utautoaje?

Leo nimeutoa mkebe stoo. Uko hapa mezani mbele yangu, umeshika kutu, vijiwe bado vimo ndani. Kamba imekatika pale nilipopitisha kisu, na fundo la Kanana liko pembeni yake. Nimejaribu kulifungua tena, kwanza kwa kucha, kisha kwa msumari. Halijalegea hata kidogo.

Jumapili baada ya ibada nitampelekea. Naogopa kuliko nilivyomwogopa mbogo. Pengine sitakuwa na dada tena, pengine Kirimi atanipiga kwa lile gongo, na haki yake. Lakini nitauweka mkebe mikononi mwa Kanana, mbele ya binti yake, nimwambie ajaribu mwenyewe kulifungua fundo lake.