Rangi ya Krimu Niliyoiita Maji

Chekeni tu, lakini siku hiyo hasira yangu niliiona ya haki kabisa.

Kuta za sebule yangu hapa Kwa Vonza zilikuwa za kijani kizito, hata mchana tuliwasha taa. Akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwangu Jumamosi kwa maombi, kwa hivyo nilinunua mkebe mkubwa wa rangi ya krimu kwenye hadwea, duka la vifaa vya ujenzi la Mama Kalondu, ambaye tunaimba naye kwaya. Fundi wa nini? Mikono ninayo.

Nikapaka mara ya kwanza, kijani kikanitazama. Nikapaka tena, kijani bado. Rangi ilichuruzika hadi sakafuni kama maziwa yaliyotiwa maji. Kumbe dada wa kanisa ameniibia!

Niliubeba mkebe mpaka dukani kwake, wateja wakiwa wamejaa.

"Mama Kalondu, unatuongoza kwa nyimbo na huku unatuuzia maji?"

"Aiya! Maji gani, Mama Mwende? Hebu kwanza niambie..."

"Sikuambii kitu! Wizi ni wizi, hata ukifanywa na mtu aliyeokoka!"

Mzee mmoja alitingisha kichwa kunisikitikia, nikapata nguvu zaidi.

"Wote mwangalie!" nikapaza sauti, nikaupindua mkebe pale mlangoni.

Maji meupe yakamwagika. Nikamnyooshea Mama Kalondu kidole. Kisha bonge zito la krimu likateleza polepole kutoka chini ya mkebe, likaanguka pwaa juu ya viatu vyangu vya Jumapili.

Mama Kalondu akaliangalia bonge, akaniangalia mimi.

"Mama Mwende," akauliza kwa upole, "kwani hukukoroga?"