Mkono Niliorithishwa

Watu wa michezo huniuliza swali lile lile, nami huwadanganya jibu lile lile. "Ilikuwaje ukaanza kriketi uzeeni?" Nilivaa jezi ya taifa mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na mbili, kazi yangu kurusha mpira kwa kasi, na warushaji wengi wa kasi wakifika umri huo wanauguza magoti nyumbani. Huwa najibu kwamba kwetu kijijini Ruanda, Mbozi, tunajua kahawa na mahindi, kriketi tungeijulia wapi? Wanacheka, mahojiano yanaisha. Ukweli ni kwamba mkono wangu ulikuwa umefungwa.

Nikisema kufungwa sisemi mafumbo. Nilizaliwa natumia kushoto. Babu, mzazi wa baba yangu, alikuwa amefariki miezi michache kabla, nikarithishwa jina lake kama ilivyo desturi. Basi nyumba nzima ikaniita babu. Baba mzazi aliniita "baba", na bibi akaniita "mume wangu". Najua, nchi nzima mabibi huwatania wajukuu zao hivyo. Bibi yangu hakuwa anatania. Nikiingia ndani, anasimama. Ananipigia goti na kupiga makofi taratibu ya heshima, mimi mtoto wa miaka minne, kamasi zinanichuruzika. Njia ya shambani alinitanguliza mbele, hakukubali hata siku moja nitembee nyuma yake. Na kila asubuhi alichukua kipande cha kitenge, akaufunga mkono wangu wa kushoto ubavuni, fundo juu ya fundo, mpaka jioni. Hakuwahi kunichapa wala kunigombeza. Alinifunga huku mikono yake inatetemeka.

Majirani walimsifu, wakidhani ni malezi. Mkono wa kushoto hauli, haupokei, haumpi mkubwa kitu. Mama alinyamaza kwa sababu yeye ni mkwe tu pale. Baba naye alinyamaza, na ukimya wake ndio uliokuja kunichoma baadaye, maana yeye alikuwa anajua sababu. Nilipofika miaka kumi kitambaa hakikuhitajika tena. Niliandika kwa kulia, nikalima kwa kulia, ule mwingine ukaning'inia tu.

Nikaja kuwa karani wa yadi ya malori Tunduma, pale mpakani. Tajiri wangu alikuwa Mhindi mwenye kitambi na roho safi, mgonjwa wa kriketi. Jumapili, foleni ya kuvuka ikikataa kusogea, aliwapanga madereva na makuli kati ya malori, akasimamisha kreti la soda mahali pa vile vijiti vitatu ambavyo mrushaji huvilenga, wakacheza. Mimi niliuona mchezo wa watu wasio na shughuli. Wiki moja mlango wa tela ukanivunja kifundo cha mkono wa kulia, nikafungwa plasta. Nilikuwa nimekaa kivulini na plasta yangu, nimenuna, mpira ukabingirika mpaka miguuni pangu.

"Rudisha, karani!"

Niliuokota kwa kushoto kwa kuwa ndio uliokuwa mzima. Mpira wa kriketi ni mgumu, ukiushika unahisi umeshika jiwe lililovishwa ngozi. Nikarusha.

Kreti lilipasuka vipande. Mpira ukapita, ukagonga tangi la lori na kuacha bonde. Dereva mmoja wa Kizambia akashika kichwa, akamaka kwa lugha ya kwao, "Awe, mwe!" Tajiri hakulitazama lile tangi hata kidogo, alikuwa ananitazama begani.

"Rudia," akasema.

Nilirudia nikiomba nikose. Sikukosa. Haki ya Mungu, mkono ule ulikuwa unakumbuka kitu. Ulijua pa kujikunja na pa kuachia, na mimi mwenye mkono nilijiona kama mgeni aliyekuta watu katikati ya maongezi yao. Niliogopa. Ila nisiwe mnafiki, niliogopa na nilitamani tena.

"Ng'ombe hazeeki maini," tajiri alisema, akanifundisha miaka miwili pale yadini, kisha akanilipia nauli ya kwenda Dar es Salaam kwenye majaribio. Mchaguzi mmoja akaniuliza kama nimemleta mwanangu. Nikamwambia nipe mpira. Baada ya mipira sita hakuna aliyeulizia tena habari za mtoto.

Nyumbani sikusema. Niliwaambia nasafiri na mizigo.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye timu tulicheza nchi ya jirani. Kulikuwa na mpigaji mmoja aliyenisumbua sana, kila nikirusha anaupiga mpira hadi kwenye ua wa uwanja. Nikapandwa na hasira. Nilikimbia, nikaachia mpira mfupi, ukadunda, ukapaa, ukampata kwenye kofia ngumu, upande wa sikio. Alianguka kama gunia. Kabla sijamwonea huruma nilihisi furaha. Ilikuwa furaha ya zamani, iliyozoeleka, wala haikuonekana kuwa yangu. Kisha yule kijana akafumbua macho, akanitazama kutoka chini, na mtazamo ule niliujua. Bibi alinitazama hivyo kila nilipoingia ndani.

Kijana alipona. Video ikasambaa kwenye simu. Siku ya tatu baba akanipigia. "Njoo nyumbani. Bibi yako ameiona."

Nilifika asubuhi, ukungu umeishika Mbozi mpaka migomba haionekani. Bibi alikuwa kwenye chanja za kahawa, na baba kando yake akichambua punje mbovu. Aliniona, akashuka chini akapiga goti, mwanamke wa miaka zaidi ya themanini.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, bibi. Shikamoo."

"Sijasema wewe."

Jamani. Mimi ni mtu wa makaratasi ya mizigo, siyo mtu wa mizimu, lakini nywele zilinisimama. Bibi akagusa sikio lake la kulia, lile ambalo miaka yote tulijua halisikii, tukadhani ni uzee.

"Hili ni lako," akasema. "Mimi nilikuwa naenda zangu, mgongo nimekupa. Ulisimama mlangoni ukanirushia kigoda. Kwa mkono huo."

Baba hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kuchambua. "Mama," akasema, "huyo ni mwanangu."

"Najua nilichokifunga," bibi akamjibu.

Nikamwambia mimi si yeye, jina tu, hata sura yake siijui. Akaniambia, "Kama si yeye, acha kurusha."

Hapo nikapasuka. Nina hasira, sifichi. Nilimwambia amenifunga utoto mzima kwa kosa la marehemu, leo nimepata kitu kimoja changu duniani, nacho anakitaka? Nilikuwa napaza sauti na kuonyesha kwa mkono, kama mtu yeyote anayegombana. Bibi akajikunyata, akaziba sikio kwa viganja vyote viwili. Nikautazama ule mkono. Ulikuwa juu, umekunjwa ngumi, na ulikuwa wa kushoto. Niliushusha nikaondoka bila kuaga.

Sikuacha kurusha. Kurusha ndiko kulikoniacha. Kila nilipoanza mbio zangu, nikikaribia mstari, namwona mpigaji anaziba sikio kwa viganja viwili. Mpira unatoka kombo, unakwenda kwa watazamaji. Nilimuuliza mwamuzi kwa nini wapigaji wananifanyia vile. Alinitazama kwa huruma, akasema wote wameshika magongo yao kwa mikono miwili, hakuna anayeziba chochote. Kocha akanipa mechi moja ya mwisho, baada ya hapo nirudi kwenye malori yangu. Katikati ya hayo baba akapiga tena: bibi hali chakula tena, njoo mapema.

Njia nzima nilipanga maneno. Mimi ni mjukuu wako. Mimi si yeye. Niliyarudia mpaka yakawa laini mdomoni. Saa tisa mchana nikaingia chumbani. Bibi alikuwa amelala, amebaki mifupa na macho. Kuniona tu, akaanza kujikokota atoke kitandani anipigie goti. Mwili umekwisha, ila hofu ilikuwa bado ina nguvu. Nilitaka kusema niliyoyapanga, nikaona upumbavu wake. Tangu siku ile kwenye chanja nimekuwa nikitaka kumwambia huyu mama kwamba aliyemuumiza hayupo. Sasa nani amwombe radhi?

"Kaa," nikasema. "Usinipigie goti. Ndiyo, ni mimi."

Akatulia.

"Mimi ndiye niliyekupiga. Ulikuwa na ndoo ya maji kichwani, ikamwagika yote. Mtoto alikuwa mgongoni, akalia mpaka akapoteza sauti. Nilikuona umeanguka na sikukuinua. Nisamehe, mke wangu."

Nyuma yangu baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakaa sakafuni ghafla. Baadaye alisema sauti ile haikuwa yangu. Baba hupenda kuongeza chumvi, simsadiki sana. Lakini habari ya ndoo sikuwahi kusimuliwa na mtu, wala ya mtoto mgongoni, ambaye alikuwa ni yeye. Nimeitafuta kichwani niliitoa wapi, sijapata mpaka leo.

Kutetemeka kwa bibi kulikoma. Akakaza uso, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mwanamke huyu naye ana hasira, tena kali kuliko yangu.

"Hapana," akasema. "Kukusamehe, sitakusamehe."

"Sawa," nikasema.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya, toka nyumbani kwangu. Na ukifika nje, niitie mjukuu wangu."

Nikatoka. Nikapita uani, kahawa inanuka, jirani akanipungia mkono, sikumwitikia. Nilisimama pale karibu na chanja nikavuta pumzi. Kisha nikarudi, nikabisha hodi.

"Karibu," sauti ikatoka ndani. Bibi alikuwa amelala vile vile, hakujaribu kuinuka. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Mbona umekuwa mkubwa hivi? Njoo ukae hapa. Umekula?"