Loisi Alivyonieleza Simu Inayoita

Loisi alikaa kwenye chumba changu cha uani miaka miwili na ushee, na karibu muda wote huo sikumsikia akicheka. Shikamoo ya asubuhi, shikamoo ya jioni, basi, mlango unafungwa. Nikadhani ni maringo ya kisomo. Siku moja nikamsema palepale bombani.

"Wewe mtoto, hata mbuzi wa kununuliwa mnadani hulia akifika kwa watu."

Akasimama na ndoo yake. "Nisamehe, mama. Huwa sijui nianze na nini."

Nikaona aibu kidogo. Hakuwa na maringo. Alikuwa hajazoea tu kuongea.

Yeye ni wa Kibakwe, kule milimani Mpwapwa. Alilelewa na bibi yake, wawili ndani ya nyumba, na bibi masikio yalishakufa. Kusoma alisoma, mpaka chuo kikuu, akatoka mhandisi wa mambo ya simu. Kazi aliyopata ikawa ya mkataba, kuzungukia minara. Bahi, Chamwino, Kondoa, anashushwa na gari porini, anapima betri, anafungua jenereta, anajifunga mkanda anapanda juu, anashuka, anasubiri gari. Mtu wa kuongea naye ni mlinzi, na mlinzi kalala. Miaka mitatu hivyo. Kisha kampuni iliyomwajiri ikakosa tenda, wote wakarudishwa majumbani. Akabaki hapa Miyuji, mchana anakwenda kurekebisha simu kwenye kibanda kimoja kule mtaa wa Kikuyu, jioni anajifungia.

Mimi ni fundi cherehani, sare za shule na magauni ya kwaya. Elimu yangu la saba. Watu wananiita Mama Denis. Denis ni mwanangu wa pekee, yuko Tunduma mpakani anagomboa mizigo, ana mke. Baba yake alishatangulia. Kwa hiyo nyumba yote hii ilikuwa na watu wawili, kila mmoja na komeo lake.

Mwezi wa nane mwaka jana Loisi akaja barazani jioni, nje ya utaratibu wake. Nilikuwa natia lastiki kwenye sketi. Akakaa, akainuka, akakaa.

"Mama Denis, wameniita kwenye usaili."

"Hongera. Mbona uso kama umeitwa polisi?"

Ndipo akaniambia. Kampuni moja kubwa ya simu inachukua wahandisi vijana, na usaili wake ni wa siku nzima. Asubuhi mtihani wa kuandika. Halafu mjadala, mnawekwa watu watano mezani mkubaliane jambo huku wakubwa wamekaa pembeni wanaandika. Halafu mtu wao anajifanya mteja ana shida, nawe umweleze kwa lugha ya kawaida mpaka aelewe. Mwisho mahojiano. Alishakwenda mara mbili. Mara mbili kwenye mtihani alikuwa wa juu, mara mbili akaangukia kwa mteja.

"Waliniambia naongea kama nasoma ukuta," akasema.

"Hawakukosea."

"Na hawachukui mtu aliyefika miaka thelathini. Mimi natimiza Novemba. Hii ndiyo ya mwisho, mama. Nikikosa, nitabaki kubadilisha vioo vya simu kibandani." Akainuka tena. "Nilikuwa naomba uwe mteja wangu."

Nikamtazama. Mtu wa shahada anamwomba wa la saba amfundishe kuongea. Nikasema, "Kaa. Sogeza hicho kigoda. Na unitazame mimi, mimi siko kwenye vidole vyako vya miguu."

Wiki tatu tulifanya hivyo, kila jioni akitoka kibandani. Siku ya kwanza alinieleza kwa nini intaneti inakwenda polepole. Akaongea dakika kumi. Nilishona vifungo vinne.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa kwamba umechoka. Umenihubiria kwa lugha ya malaika, na mkalimani hukuja naye."

Hapo ndipo nilimsikia akicheka mara ya kwanza. Kicheko kibaya, kama mlango wenye kutu.

Kwa ajili ya mjadala tukamwita Mwantum, jirani yangu, Mrangi wa Kondoa, muuza mafuta ya alizeti. Loisi akatupa swali: vijiji ni vitatu, minara ni miwili, kijiji kipi kikose? Mwantum akasema kikose cha wafugaji, wao wanahamahama. Nikamwambia kwa hiyo ng'ombe wa mtu akiibwa apige filimbi? Akaniambia wewe Mgogo lazima utetee ng'ombe. Tukashikana hapo mpaka chai ikapoa. Kugeuka, Loisi kakaa kimya anatutazama.

"Na wewe," nikamwambia, "umekuja kusuluhisha au kutazama mpira?"

"Nawasubiri mmalize. Nyie ni wakubwa."

Mwantum akapiga paja. "Heshima iache nyumbani siku hiyo, mwanangu! Wakubwa wako pale wanahesabu umefungua mdomo mara ngapi."

Akajifunza. Polepole, lakini akajifunza. Mjadala ukakaa sawa. Kilichogoma ni mteja. Kila nikimletea shida, mara vocha haiingii, mara picha hazifunguki, anaanza vizuri halafu macho yanashuka chini na maneno yanakuwa ya kitabuni. Zikabaki siku nne.

"Shida zako ni za kubuni, mama," akasema. "Najua huumwi nazo. Nipe ya kweli."

Nilikuwa nakata mikono ya mashati. Nikasema bila hata kufikiri, maana jambo lenyewe nilishalizoea kama jiwe ndani ya kiatu.

"Ya kweli hii hapa. Mwanangu yuko Tunduma. Nikimpigia, simu inaita tu mpaka naikata. Kila Jumapili nikitoka kanisani. Mtandao wa kule ni mbovu, inaita hewani tu, kwake haifiki. Haya, mhandisi, nisaidie."

Naye akasisimka. Akavuta kigoda, akanitazama usoni bila kuambiwa.

"Hapana, mama. Simu haiiti hewani. Sikiliza. Wewe umekaa hapa, unampigia Denis. Simu yako inauambia mnara wa hapa Miyuji, namtaka mtu fulani. Mnara huu hauendi popote, unauliza wenzake: namba hii mara ya mwisho ilionekana wapi? Wanajibu, Tunduma. Basi mnara wa Tunduma ndio unaotumwa. Unakwenda mpaka mlangoni kwa Denis, unapiga hodi."

"Enhe."

"Kama simu imezimwa, au yuko porini, mnara haukuti mlango. Unarudi na jibu, namba unayopiga haipatikani. Lakini kama mlango upo, unagonga. Na ule mlio unaousikia wewe sikioni, kriii, kriii, huo si wa hewani. Huanza baada ya mnara wa kule kusema, nimefika, nagonga hivi sasa, na ndani kuna..."

Akautazama mkasi wangu.

Nilielewa. Kwa mara ya kwanza katika wiki tatu, niliyeishia la saba nilielewa kila neno.

Mkasi ulikuwa mkononi. Nikauweka chini.

"Maliza," nikasema.

"Mama, anaweza kuwa ameiweka kimya. Yuko kazini, makelele ya malori..."

"Miezi ishirini? Maliza, Loisi. Mteja anasubiri."

Macho yakataka kwenda chini. Akayarudisha.

"Ndani kuna taa," akasema. "Simu ni nzima. Inaita kwake. Anaiona."

"Ahsante. Umefaulu."

Nikarudi kwenye mashati. Usiniulize nilishona nini. Kesho yake nilifumua mikono miwili niliyoiweka nje ndani.

Sababu ninayo, na sihitaji mhandisi wa kunieleza. Krismasi ile ya mwisho walipokuja, mkewe alitupikia mlenda, ile mboga inayoteleza. Nami mbele ya wageni nikasema mlenda ule ungefaa zaidi kubandikia mabango ya uchaguzi. Watu wakacheka sana. Mkwe wangu hakucheka. Denis aliangalia sahani yake mpaka chakula kikaisha. Wakaondoka kesho yake badala ya keshokutwa. Tangu hapo mtandao wa Tunduma ukawa mbovu.

Usiku ule Loisi alikuja tena, akasimama mlangoni. "Mama, nimpigie kwa namba yangu? Asiyoijua anaweza kupokea."

"Acha. Mtu akijificha nyuma ya mlango, humbadilishii sauti ya hodi."

Siku ya usaili nilimvalisha blauzi niliyomshonea mwenyewe, ya bluu, kola imesimama. Akaondoka na viatu mkononi, kandambili miguuni, kwa sababu ya vumbi letu la Septemba. Nilimwambia akavae akifika getini. Siku nzima sikumaliza hata sketi moja. Alirudi saa kumi na moja, uso umepauka.

"Mteja alikuwa mama wa makamo," akasema kabla hajakaa. "Mkali! Anasema mtandao kwake unakata kila jioni, na anataka nimwambie utapona lini."

"Ukasemaje?"

"Nikamwuliza anakaa wapi, nikamwambia mnara wake ni kama bomba moja la mtaa, jioni kila mtu kaja na ndoo. Akaelewa. Halafu wakanipa karatasi chini ya meza, imeandikwa mwaka huu hawaongezi mnara pale. Nikataka kumpoza, nimwambie tunashughulikia." Akavua kandambili. "Nikakumbuka ulivyoniambia maliza. Nikamtazama, nikamwambia, mama, mwaka huu hautapona."

"Yeye?"

"Akaandika."

Wiki tatu kimya. Oktoba ikaingia, na joto lake. Loisi akarudia ukimya wake, ila sasa alikuja kuufanyia barazani kwangu, kwenye kigoda kilekile, akinichambulia nyuzi. Hatukusema mengi, ila kisa cha mlenda wa Krismasi nilimsimulia. Nikajikuta napika ugali wa watu wawili bila kumwuliza.

Simu ilikuja Alhamisi asubuhi. Yeye alikuwa uani anafua, simu kaiacha kwenye meza ya cherehani. Ikaita. Nikaona namba ya Dar es Salaam, ya ofisini.

Nikaishika. Inatetemeka kiganjani kama kifaranga. Nikajua ni wao. Nikajua wakisema ndiyo, chumba cha uani kinabaki na kitanda. Novemba ilikuwa wiki mbili mbele. Simu moja isiyopokelewa, pengine wangemwita mwingine kwenye orodha. Sikupanga chochote. Nilisimama tu, natazama inaita. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Kumbe ndivyo ilivyo upande wa pili. Kumbe ni rahisi hivi. Huhitaji hata kumchukia mtu, unasimama tu.

"Loisi!" Nilipiga ukelele mpaka Mwantum akatoka kwake. "Loisi, mbio! Simu!"

Akaja na povu hadi viwikoni. Akapokea. Akasema ndiyo, ndiyo, nashukuru, ndiyo. Akakata, akakaa chini kwenye vitambaa vyangu vya sare na maji yake yote.

"Sumbawanga," akasema. "Tarehe kumi."

Sikumwambia habari ya milio mitatu. Humwambii mtu kila kitu, hata akiwa mhandisi.

Siku ya safari nilimfungia mlenda mkavu kilo nzima. Akaunusa, akanitazama, na uso haukucheka hata kidogo. "Nitabandikia mabango, mama."

Nilicheka mimi. Mwantum hakuelewa, akadhani tumechanganyikiwa kwa majonzi. Halafu pikipiki ikaja, akapanda na begi lake, na mtaa ukawa mtaa.

Chumba sijakipangisha. Watu wamekuja kuuliza, nawajibu kina mchwa. Ugali bado unanizidi sufuriani, namgawia Mwantum, naye anasema mimi nimekuwa mkarimu uzeeni.

Jumapili nikitoka kanisani napiga simu mbili. Ya kwanza ni ya Loisi. Akipokea, ananiuliza habari za mashati, namwuliza kama ameongea na watu wiki hiyo, nataka idadi. Siku nyingine naambiwa namba haipatikani, nami sina neno. Najua yuko kwenye bonde fulani huko Rukwa ambako mnara umezima, na aliyetumwa kuuwasha ni yeye.

Ya pili ni ya Denis. Zamani nilikuwa nakata ikifika mlio wa nne, kwa hasira na mtandao. Sasa naacha iende mpaka mwisho. Hajaizima, hajabadilisha namba. Mnara wa Tunduma unafika mpaka mlangoni, unagonga, na mimi nimesimama nje ya geti la kanisa, Biblia kwapani, nasikiliza.

Inaita.